Zaina Abeba Pilau Mgongoni

Zaina alikaa mlimani, huko Usambara. Asubuhi ukungu hushuka huko na kulala juu ya mapaa ya nyumba kama pamba.

Asubuhi moja Zaina aliamka kabla ya kuitwa. Akatega sikio.

Sauti zilikuwa zinapanda kutoka msikitini. "Allahu Akbar, Allahu Akbar."

"Leo ni Idi," Zaina alinong'ona.

Mwezi wa kufunga ulikuwa umekwisha. Jana jioni watu walisimama nje na kutazama juu. Waliuona mwezi mpya, mwembamba kama ukucha wa mtoto.

Jikoni vitunguu vilikuwa vinaimba kwenye mafuta. Chwaaa, chwaaa. Harufu ya mdalasini ikaja mpaka kitandani. Harufu ya karafuu ikafuata.

Bibi aliingia na gauni jipya la kijani.

Mkono wa kushoto wa Zaina ukaingia vizuri. Mkono wa kulia ukakataa.

Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa plasta nyeupe, ngumu kama jiwe. Vidole tu ndivyo vilivyoonekana. Vilichungulia kama vifaranga.

Bibi alitafuta mkasi. Kacha, kacha, kacha. Akafungua mshono wa gauni, akapitisha mkono wenye plasta, kisha akafunga kwa utepe.

"Haya," alisema Bibi. "Umependeza."

Zaina alivunjika mkono shuleni. Alipanda ukuta wakati wa mapumziko. Ukuta ulikuwa na utelezi. Puu, akaanguka.

Mwalimu Koku alikuja mbio. Alikuwa mwalimu mpya, ametoka mbali sana, huko Bukoba, ng'ambo ya ziwa kubwa.

Alichuchumaa, akamweka Zaina mgongoni, akaanza kushuka mlima kwenda hospitali.

Njia ilikuwa ndefu. Mvua ilinyesha. Zaina alilaza shavu kwenye mgongo wa Mwalimu, akasikia moyo wake unavyopiga. Du, du, du.

"Bado kidogo," alisema Mwalimu Koku. "Bado kidogo, mwanangu."

Tangu siku hiyo Zaina alikuwa na jambo moja kichwani. Alilisema wakati wa kufuturu. Alilisema wakati wa daku, ingawa hakuna aliyemtuma kuamka.

"Siku ya Idi nitampelekea Mwalimu Koku pilau. Nitampelekea mimi mwenyewe."

Sasa Idi ilikuwa imefika.

Kabla ya sala, Baba alibeba mchele kwenda kwa watu wasio na kitu. "Leo hakuna wa kulala njaa," alisema. "Wote wafurahi."

Kisha wote wakaenda uwanjani kuswali. Baba alivaa kanzu nyeupe. Bibi alivaa khanga mpya iliyokuwa bado ina harufu ya dukani. Sauda, dada yake Zaina, alijifunga mtandio wa maua.

Baada ya sala watu walikumbatiana.

"Idi Mubarak."

"Idi Mubarak. Tusameheane."

"Tumesameheana."

Mzee mmoja alimnyooshea Zaina mkono. Zaina akautazama mkono wake wenye plasta.

"Mkono wangu umefungwa, Babu," alisema.

Mzee akavishika vile vidole vilivyochungulia. Akavitikisa kidogo, kwa adabu kabisa.

"Vidole vinatosha," alisema mzee. "Idi Mubarak, mjukuu wangu."

Nyumbani, Mama alikuwa anapakua. Sahani ya jirani wa kulia. Sahani ya jirani wa kushoto. Sahani ya Mama Rozi, ambaye huwaletea maandazi kila Krismasi. Na sahani ya Mwalimu Koku, pilau imejaa, na visheti vitamu pembeni.

"Sauda," aliita Mama. "Hii ya Mwalimu utaipeleka wewe. Ni mbali."

"Nitaipeleka mimi," alisema Zaina.

"Zaina, mwanangu, wewe ni mgonjwa."

"Si mgonjwa, Mama. Ni mkono tu."

Mama akamtazama. Zaina naye akamtazama Mama. Hakuna aliyeangalia pembeni.

"Haya," alisema Mama mwishowe. "Jaribu kufika mlangoni."

Zaina alishika sahani kwa mkono wa kushoto. Akapiga hatua. Tapu. Akapiga hatua nyingine. Tapu.

Sahani ikainama huku. Zaina akainama huku. Sahani ikainama kule. Zaina akainama kule.

Tapu. Tapu. Pwaa.

Pilau ikamwagika uani. Kuku wakaja mbio. Kwa kwa kwa, donodono, kwa kwa kwa.

Zaina alisimama na sahani tupu. Mdomo wake wa chini ulianza kutetemeka.

"Nilikwambia," alisema Sauda.

"Sauda," alisema Mama. Sauda akanyamaza.

Mama aliokota visheti vilivyoingia mchanga. Hakukasirika. Lakini alisema, "Basi, mama. Umejaribu. Sasa dada yako atapeleka."

Zaina alitikisa kichwa. Chozi moja lilidondoka. Akalifuta kwa utepe.

"Yeye alinibeba mpaka hospitali," alisema. "Mimi nimbebee pilau tu. Mpaka kwake tu."

 

Bibi alikuwa ameketi kwenye kibao jikoni. Alimwita Zaina kwa kidole.

"Mwalimu alikubeba kwa mikono?" aliuliza Bibi.

"Hapana, Bibi. Alinibeba mgongoni."

"Una mgongo wewe?"

Zaina akageuka kuutazama mgongo wake. Hakuuona, lakini alijua upo.

"Ninao," alisema.

Bibi akacheka kidogo. Akasimama polepole, magoti yakalia kakaka. Alichukua hotipoti yenye mfuniko wa kufunga. Mama akaijaza pilau ya moto. Visheti vikafungwa kwenye mfuko, vikawekwa juu ya mfuniko.

Kisha Bibi akatoa mbeleko. Ilikuwa khanga ya zamani, laini, aliyowabebea watoto wake wote.

Zaina aliinama. Bibi akaiweka hotipoti mgongoni kwake. Akazungusha khanga. Akaivuta. Akafunga fundo kifuani.

Hotipoti ilitulia kama mtoto aliyeshiba.

"Kuna joto," alisema Zaina.

"Ni joto la pilau," alisema Bibi. "Haliumizi. Litakusukuma."

Mama alimwangalia Zaina kutoka juu mpaka chini.

"Sauda atakuwa nyuma yako," alisema. "Hatabeba. Atatembea tu."

"Sawa, Mama."

"Na ukichoka, umwambie."

Zaina alilishika fundo kifuani. Alisema, "Bismillahi," akatoka.

Tapu, tapu, tapu. Njia ilipanda. Huku kulikuwa na kabichi, huku karoti, na juu kabisa shule, na nyuma ya shule nyumba ya Mwalimu Koku.

Zaina alijisemea:

"Polepole, taratibu.
Nitafika tu."

Mama Rozi alikuwa shambani kwake, anafunga mafungu ya karoti. Aliinua kichwa.

"Shikamoo, Mama Rozi."

"Marahaba, Zaina. Sikukuu njema. Idi Mubarak kwenu wote."

"Ahsante. Sahani yenu inakuja. Mama anapakua."

Mama Rozi alitazama khanga. Akatazama fundo. "Na huyo mtoto mgongoni ni wa nani?"

"Si mtoto," alisema Zaina. "Ni pilau."

Mama Rozi aliziba mdomo kwa mkono. Mabega yake yalitikisika. "Haya, mlee vizuri," alisema.

Tapu, tapu, tapu.

Nyuma yao kukasikika kitu. Tipi, tipi, tipi.

Alikuwa mbuzi. Mbuzi mweupe mwenye ndevu, amesikia harufu. Akanyoosha shingo. Akanusa khanga. Mmee.

"Si yako," alisema Zaina.

Mbuzi akauma pindo la khanga. Akavuta.

Zaina alisimama imara. Hakukimbia, kwa sababu akikimbia pilau itaruka. Aligeuka taratibu, akamtazama mbuzi machoni.

"Ni ya Mwalimu Koku," alimwambia. "Wewe una majani mlima mzima."

Mbuzi alifikiri. Akaachia. Akaenda zake kwenye majani.

"Nibebe mimi sasa?" aliuliza Sauda.

"Hapana," alisema Zaina.

"Polepole, taratibu.
Nitafika tu."

Wakafika kwenye kijito. Maji yalikuwa yanapita kwa haraka. Shwaa, shwaa. Juu yake kulikuwa na gogo la kuvukia.

Kila siku ya shule Zaina hulivuka gogo hilo kwa kunyoosha mikono miwili kama ndege. Leo alikuwa na bawa moja tu.

Aliweka mguu kwenye gogo. Gogo lilikuwa limeloa. Akaurudisha mguu.

"Zaina," alisema Sauda, "nipe. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua," alisema Zaina.

Akafikiri. Kisha akakaa juu ya gogo, mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, kama mtu aliyepanda punda. Akajisogeza mbele. Kwi. Akajisogeza tena. Kwi.

Gauni jipya la kijani likapata doa la kahawia. Zaina aliliona. Akaendelea kujisogeza.

Kwi, kwi, kwi. Akafika ng'ambo.

Sauda naye alitazama gogo. Alitazama gauni lake mwenyewe. Akakaa juu ya gogo kama Zaina. Kwi, kwi, kwi.

Walipofika ng'ambo wote wawili walikuwa na doa. Walitazamana, wakacheka.

Ukungu ukashuka tena. Pamoja na ukungu ikaja manyunyu. Ti, ti, ti, juu ya majani. Ti, ti, ti, juu ya mfuniko wa hotipoti.

Njia ikawa na utelezi. Kilima cha mwisho kilikuwa kikali kuliko vyote.

Tapu. Tapu. Zaina alihema. Hotipoti ilikuwa nzito sasa. Fundo lilimkaza kifuani.

"Polepole," alisema. "Tara..."

Mguu ukateleza.

Zaina akaanguka kwa magoti. Alitaka kujizuia kwa mikono, lakini mkono ulikuwa mmoja tu. Mfuko wa visheti uliruka juu, ukatua kwenye nyasi. Tifu.

Goti liliuma. Mkono wenye plasta uliuma pia, ndani kabisa.

Zaina akalia. Hakulia kwa sauti kubwa. Alilia tu, pale pale kwenye tope, na mvua ikimnyeshea kichwani.

Sauda alikuja mbio, akachuchumaa.

"Umeumia wapi?"

"Hapa. Na hapa."

Sauda alipuliza goti. Fuu. Alipuliza vidole vilivyochungulia. Fuu, fuu. Kisha akashika fundo la khanga.

Zaina aliweka mkono wa kushoto juu ya fundo. "Usiifungue."

"Siifungui," alisema Sauda. "Imelegea. Naikaza."

Akaivuta khanga. Akakaza fundo. Akaokota mfuko wa visheti, akaurudisha juu ya mfuniko. Akamfuta Zaina uso kwa mtandio wake wa maua.

"Pilau imemwagika?" aliuliza Zaina.

Sauda aliinama, akanusa, akagusa. "Hapana. Imefungwa vizuri. Bado ya moto."

Zaina akavuta pumzi.

"Tumebakiza kiasi gani?"

Sauda alitazama juu. Paa la shule lilionekana ndani ya ukungu.

"Bado kidogo," alisema Sauda.

Zaina akainuka. Tapu. Tapu. Sasa Sauda hakutembea nyuma. Alitembea kando yake. Na wote wawili walisema pamoja:

"Polepole, taratibu.
Tutafika tu."

Wakaipita shule. Wakaupita ule ukuta. Zaina hakuutazama.

Nyumba ya Mwalimu Koku ilikuwa ndogo, na mlango wa bluu. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Hodi," aliita Zaina.

Kimya.

"Hodi," aliita tena.

Ti, ti, ti, manyunyu yalijibu.

Sauda aliuma mdomo. "Labda amesafiri. Leo ni siku ya mapumziko."

Zaina alisimama mbele ya mlango. Magoti yalikuwa na tope. Nywele zilikuwa zimeloa. Joto la pilau bado lilikuwa mgongoni.

"Nitaita mara nyingine," alisema.

Akavuta pumzi mpaka tumboni. Akaita kwa nguvu zake zote:

"Hodiii."

Nyuma ya nyumba, kitu kilikuwa kinalia. Dush. Dush. Dush. Kisha kikanyamaza.

"Karibu," ilisema sauti. "Nani huyo?"

Mwalimu Koku alitokea pembeni ya nyumba. Alikuwa na jembe. Alikuwa na tope mikononi, mpaka kwenye viwiko.

"Zaina?" alisema. "Sauda? Katika mvua hii?"

"Shikamoo, Mwalimu," walisema.

"Marahaba, wanangu."

Zaina alinyoosha mkono wa kulia, pamoja na plasta yake. Vidole vilichungulia.

"Idi Mubarak, Mwalimu."

Mwalimu Koku alitazama mikono yake yenye tope. Akatazama plasta nyeupe. Hakujua ashike vipi.

Alikimbilia kwenye ndoo. Chubwi, chubwi. Akanawa, akajifuta kwa sketi, akarudi. Akavishika vidole vya Zaina, vyote pamoja.

"Idi Mubarak, Zaina," alisema. "Idi Mubarak, Sauda."

"Nimekuletea kitu," alisema Zaina. Akageuka, akaonyesha mgongo.

Mwalimu Koku aliona khanga. Aliona fundo. Aliona umbo la duara ndani ya mbeleko. 

Alifungua fundo kwa uangalifu, kama mtu anayemshusha mtoto aliyelala. Akaifungua hotipoti.

Mvuke ukapanda. Harufu ya mdalasini ikatoka. Harufu ya karafuu ikafuata.

"Umeibeba wewe?" aliuliza Mwalimu. "Kutoka kwenu mpaka hapa?"

"Ndiyo."

"Peke yako?"

Zaina alifikiri. "Sauda alikaza fundo," alisema. "Na Bibi alifunga. Lakini mgongo ulikuwa wangu."

Mwalimu Koku alikaa kwenye kizingiti. Alitazama pilau kwa muda.

"Kwetu Bukoba tuna jirani anaitwa Hajati," alisema. "Kila Idi alituletea sahani ya pilau. Tangu nikiwa mdogo kama wewe. Leo asubuhi nikasikia takbira kutoka msikitini. Nikamkumbuka Hajati. Nikajisemea, huku mimi ni mgeni, nani atanikumbuka? Nikachukua jembe, nikaenda kulima migomba yangu, ili nisifikiri sana."

"Mimi nilikukumbuka mwezi mzima," alisema Zaina.

"Kweli," alisema Sauda. "Alisema kila siku. Tulichoka."

Mwalimu Koku alicheka. Macho yake yalikuwa yameloa, na haikuwa mvua.

Walifungua mfuko wa visheti. Vyote vilikuwa vimevunjika.

"Nilianguka," alisema Zaina kwa sauti ndogo.

Mwalimu akachukua kipande, akatafuna. Kruchu, kruchu. "Vikivunjika," alisema, "vinakuwa vingi." Akawapa na wao. Kruchu, kruchu, kruchu.

"Mwalimu," alisema Zaina, "unajua salamu ndefu ya Idi? Ile ya Bibi?"

"Siijui. Nifundishe."

Zaina alisimama wima, kama yuko mbele ya darasa.

"Minal aidina wal faizina."

"Minal... aidi..."

"Aidina."

"Aidina. Wal fai... fai..."

"Faizina," alisema Zaina. "Polepole, Mwalimu. Utaweza."

"Minal aidina wal faizina," alisema Mwalimu Koku. "Na maana yake?"

"Bibi anasema ni dua. Tuwe katika wale waliorudi kwenye kheri, na wale waliofaulu."

"Vizuri sana," alisema Mwalimu. "Kaa chini. Umefaulu."

Kisha Mwalimu Koku aliingia ndani na hotipoti. Akahamisha pilau kwenye sufuria yake. Akaiosha hotipoti, akaikausha. Lakini hakuirudisha tupu.

Aliweka ndani kifurushi kidogo kilichofungwa kwa majani makavu ya mgomba.

"Ni kahawa ya kutafuna," alisema. "Kwetu mgeni mwema hupewa kahawa. Mpelekee Bibi."

Zaina alitazama kifurushi. Alitazama sufuria ya pilau mezani. Kulikuwa na sahani moja, kijiko kimoja na kiti kimoja.

"Mwalimu," alisema, "usiile peke yako."

"Nile na nani?"

"Na sisi. Nyumbani kuna sinia kubwa. Watu wanakaa kulizunguka. Ukija, tutasogea tu."

Mwalimu Koku alimtazama Sauda.

"Ni kweli," alisema Sauda. "Mama atafurahi. Atakuuliza mbona umechelewa."

Basi Mwalimu Koku akaifunika sufuria ya pilau, akavaa gauni safi. Akafunga mlango wa bluu. Akachukua mwavuli na hotipoti.

"Zaina, njoo nikubebe," alisema. "Umechoka."

"Hapana, Mwalimu," alisema Zaina. "Kushuka ni rahisi."

Wakashuka watatu chini ya mwavuli mmoja. Tapu, tapu, tapu. Kwenye kijito Mwalimu Koku naye alikaa juu ya gogo. Kwi, kwi, kwi. Akapata doa.

Shambani, Mama Rozi alikuwa bado anafunga karoti.

"Minal aidina wal faizina," alisema Mwalimu Koku kwa furaha.

Mama Rozi alisimama, mkono kiunoni. "Mwalimu, mimi ni wa Krismasi."

"Hata mimi," alisema Mwalimu Koku. "Basi, sikukuu njema."

"Hiyo naipokea," alisema Mama Rozi. Akawapa fungu la karoti.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliona tope kwenye magoti. Aliona madoa matatu kwenye magauni matatu. Kisha akamwona Mwalimu.

"Karibu, Mwalimu. Idi Mubarak," alisema Mama. "Mbona umechelewa?"

Sauda alimgusa Mwalimu kwa kiwiko.

Sinia lilikuwa katikati ya mkeka. Wote walinawa mikono, wakakaa kulizunguka. Baba alisogea. Sauda alisogea. Mwalimu Koku akapata nafasi, katikati ya Bibi na Zaina.

"Bismillahi," alisema Baba. Wakala.

Zaina alikula kwa kijiko, kwa sababu ya plasta. Mama alimchagulia kipande cha nyama chenye mfupa.

Baada ya chakula Bibi alifungua kile kifurushi. Alitia punje ya kahawa mdomoni. Akatafuna. Akafunga macho.

"Chungu," alisema Bibi. Akatafuna tena. "Lakini nzuri. Nipe nyingine."

Watu walikuja na kutoka mpaka jioni. "Idi Mubarak." "Na kwenu pia." "Karibuni." "Tumekaribia." Kila aliyeingia alisikia habari za pilau ya mgongoni, maana Sauda aliisimulia kila mara. Na kila mara mbuzi alikuwa mkubwa zaidi.

Jua lilipozama, Mwalimu Koku aliaga. Baba na Sauda wakamsindikiza.

Mama alimwosha Zaina magoti. Tope likaondoka, pakabaki mchubuko mdogo mwekundu. Akampaka dawa, akamlaza.

"Mkono unauma?" aliuliza Mama.

"Kidogo."

"Na mgongo?"

"Mgongo umechoka," alisema Zaina. "Umechoka vizuri."

Mama alimfunika shuka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika vile vidole vilivyochungulia.

"Leo nilitaka kukuzuia," alisema Mama. "Nafurahi sikukuzuia."

Zaina alipiga miayo. Macho yalikuwa yanafumba.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Idi Kubwa ikija, tutachinja?"

"Inshallah."

"Basi ile nyama ya Mwalimu Koku," alisema Zaina, "usimpe Sauda aipeleke."

Mama alifungua mdomo kujibu. Lakini Zaina alikuwa ameshalala.